Majani ni mazuri, lakini leo zamu ya nani?

NENO LA WIKI, na Kavira Musubao

Katika soko kuu la Butembo, upande wa mama wauza mboga, fungu la mchaichai limefungwa kwa ukamba wa mgomba na bei yake ni franka 500. Ukisema unalitaka kwa ajili ya usingizi, mama anakuongezea mashina mawili ya bure, kisha anakuuliza kwa sauti ya chini: unakosa kuupata, au unaupata halafu unakukimbia saa nane za usiku? Mara nyingi nimesikia wagonjwa wakilalamikia usingizi mbele ya daktari na wakapewa kidonge bila kuulizwa hata hilo moja. Mama wa sokoni amewapita madaktari wengi kwa swali lake. Mtu wa kwanza na wa pili katika swali hilo hawana shida moja, na jani moja haliwezi kuwa jibu la wote wawili.

Naandika haya kwa sababu tangu Butembo hadi Oicha ni vigumu siku hizi kukaa na watu saa nzima bila kusikia habari ya kukosa usingizi. Na kila mmoja ana dawa yake ya kumshauri mwenzake.

Tuanze na huo mchaichai. Wabrazili nao wanaunywa kwa imani hiyohiyo yetu, na mwaka 1986 watafiti wa São Paulo walichapisha majibu ya kuujaribu kwa watu: wengine walipewa chai yake, wengine kinywaji cha kuigiza tu. Hapakuonekana tofauti, wala kwa usingizi wala kwa wasiwasi. Haukumdhuru mtu pia, na hilo nalo ni neno la kushukuru. Kinachonichekesha ni jinsi tunavyoupika. Nyumba nyingi hapa zinatia mchaichai ndani ya sufuria ileile yenye majani ya chai, yanachemka pamoja mpaka maji yawe mekundu, halafu mzee anakunywa vikombe viwili saa tatu za usiku na kulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Majani ya chai yana kafeini. Kahawa inayo zaidi, na sisi tunaishi chini ya milima inayotoa arabika nzuri. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, kwa wengine zaidi. Kikombe cha saa kumi na moja za jioni bado kinakutumikia unapopanda kitandani. Ukitaka mchaichai, chemsha mchaichai peke yake.

Marakuja je? Wanaosoma habari za dawa za Ulaya wanaona ua lake kwenye maboksi ya dawa za usingizi na kufikiri kwamba sisi wa Lubero na Butembo, tunaoyapanda kila upande, tumelalia hazina. Pole pole. Mmea ule wa kwenye boksi ni ndugu wa marakuja yetu, si wenyewe: ule unaitwa Passiflora incarnata, wa kwetu ni Passiflora edulis. Hata huo wa kwao ushahidi wake ni mwembamba. Jaribio moja la Australia la mwaka 2011 liliwapa watu 41 chai yake kwa wiki moja, wakasema wenyewe wamelala vizuri kidogo kuliko kawaida. Kidogo. Chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliwashauri madaktari wasitegemee hata valeriana, mzizi maarufu kuliko yote huko Ulaya, kwa mtu ambaye ukosefu wa usingizi umekuwa wa kudumu. Basi juisi ya marakuja tuinywe kwa utamu wake.

Dawa ya asili ninayoiamini ni ya bei ndogo kuliko zote, na bibi zetu waliijua bila kuandikiwa: beseni la maji ya moto. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha katika jarida la Nature kwamba miguu na mikono ikipata joto, damu inasogea kwenye ngozi, mwili unatoa joto lake la ndani, na usingizi unakuja upesi. Butembo iko juu, mita 1,700 na zaidi, na usiku wa Julai unaweza kumfanya mtu alale na koti. Mtu anaingia kitandani miguu baridi kama samaki, halafu anashangaa kugeuka-geuka hadi saa sita. Miguu ndani ya maji ya moto, kuikausha vizuri, kisha soksi. Kwa yule wa kwanza katika swali la mama, anayekosa kuupata usingizi, hapo ndipo pa kuanzia. Beni kuna joto zaidi, na huko shauri hili halina uzito uleule, ila kunawa miguu kabla ya kulala hakujamharibia mtu shuka.

Kwa yule wa pili, anayeamka saa nane na kubaki akihesabu mabati, nina swali la kuuliza kabla ya majani: jioni ulikunywa nini? Kasiksi inalaza, hilo siwezi kulikataa. Lakini pombe ikianza kuisha mwilini, usingizi unakatika vipande-vipande, na kanyanga inafanya hivyo kwa ukali zaidi. Mwanaume anayekunywa ili alale analipwa nusu ya kwanza ya usiku na kudaiwa nusu ya pili.

Halafu kuna vidonge. Hapa nitasema bila kuzunguka. Diazepam inauzwa mitaani kwetu kama karanga, kimoja-kimoja, bila karatasi ya daktari, na wanunuzi wengi ni wajane na watu waliokimbia vijiji vyao. Dawa hiyo inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mzee anaamka nayo kichwani, anakwenda msalani, anaanguka. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi. Ukiizoea kwa wiki nyingi, mwili unaidai, na ukiiacha kwa ghafla unaweza kutetemeka hata kupata kifafa. Kwa hiyo anayeitumia tangu zamani aipunguze taratibu mkononi mwa daktari, asiitupe leo kwa sababu ya gazeti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 juu ya watu waliopatwa na mambo ya kutisha, lilisema wazi: mtu mzima asiyelala katika mwezi wa kwanza baada ya janga asipewe dawa za jamii hiyo. Mfiwa naye vilevile. Mwongozo huo ni kama uliandikwa kwa ajili ya Beni, na Beni ndipo hausomwi.

Najua watakaosema: basi turudi kwa waganga wa kienyeji. Wapo wazuri, wanaojua mimea yao na kujua mwisho wa ujuzi wao. Lakini hatujasahau mwaka 2018, Ebola ilipokuwa Beni, na vile vituo vya tradi-moderne, nusu mizizi nusu sindano, vilivyotajwa kuwa njia mojawapo ya maambukizi. Jani halina kosa. Mkono unaolitoa ndio wa kuuliza.

Na sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Ushauri wote huu, wa beseni na wa kahawa, unamfaa mtu ambaye kitanda chake kiko salama. Madaktari wa Marekani tangu mwaka 2016 wanasema tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu si kidonge bali kubadili mazoea: lala na kuamka kwa saa zilezile, usibaki kitandani ukiwa macho, inuka, washa taa ndogo, keti mahali pengine mpaka usingizi urudi. Ni tiba nzuri, imepimwa. Mwambie sasa mama wa Mbau, huko teritwari ya Beni, ainuke saa nane za usiku na kuwasha taa.

Tangu Oktoba 2014 watu wa teritwari ya Beni wanauawa, mara nyingi gizani, mara nyingi kwa mapanga. Mauaji ya Rwangoma yalikuwa Agosti 2016. Mnamo Septemba 2025 huko Ntoyo, upande wa Lubero, wauaji waliwakuta watu wamekusanyika matangani, wakaua zaidi ya 60. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mtu wa hapa anayeshtuka kwa mbwa kubweka hana ugonjwa. Sikio lake linafanya kazi yake. Ukimpa chai ili alale fofofo, sehemu fulani ya akili yake itaikataa, na itakuwa imefanya vizuri.

Mwaka 2017 kulitoka utafiti ambao ningependa kila mkuu wa avenue ausome. Watafiti walikaa na Wahadzabe wa Tanzania, wale wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, wakawavisha watu wazima 33 vifaa vidogo mkononi vya kupima usingizi, kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za usiku, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, mwingine alikwenda kuvuta tumbaku, mwingine alikuwa na mtoto. Hakuna aliyepanga zamu, lakini karibu kila wakati kulikuwa na macho wazi. Na hawakulalamika kwamba wanakosa usingizi. Aliyekuwa macho alikuwa macho kwa niaba ya wengine.

Kwetu ni kinyume. Katika avenue yenye nyumba 40, nyumba zote 40 ziko macho, kila moja nyuma ya mlango wake, kila moja ikisikiliza peke yake. Wote tunalinda na hakuna anayelinda. Asubuhi wote tumechoka, mwalimu anasinzia mbele ya ubao na taximani anasinzia kwenye kona ya barabara, jambo linaloua nalo.

Sisemi hatujafanya kitu. Tuna filimbi, tuna masufuria yanayopigwa mlango kwa mlango hatari inapoingia, tuna Nyumba Kumi kwa jina, na vijana wa doria wanaotafuna makasu mpaka alfajiri. Simu nazo zimejaa vikundi vya WhatsApp ambamo sauti moja iliyorekodiwa Kamango inaamsha Butembo nzima, na baada ya saa mbili inajulikana kwamba ilikuwa ya mwaka jana. Kinachokosekana ni mpango wa nani alale. Nyumba nne zikilinda leo na zikajulikana kwa majina, zile 36 zina ruhusa ya kulala. Simu moja ibaki wazi katika kila nyumba kumi, nyingine tisa zizimwe. Aliyelinda usiku asilaumiwe akilala adhuhuri, wala mke wake asimtumie kupasua kuni.

Uganda ya kaskazini ilijifunza kitu karibu na hicho kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watoto walitembea kila jioni kuingia mjini Gulu, wakalala kwenye veranda, hospitali na makanisa kwa kuwakwepa waasi wa LRA. Sitaki watoto wetu watembee hivyo, ingawa kuna familia za teritwari ya Beni ambazo mchana ziko kwenye kakao na jioni zinabeba mikeka kwenda kulala penye watu wengi. Zinajua kwamba godoro baya katikati ya watu linalaza kuliko kitanda kizuri kwenye upweke. Kwa wale ambao hata hapo hawalali, wanaorudishiwa yaleyale waliyoyaona kila wakifumba macho, si suala la zamu tena wala la majani. Hapa Butembo tuna CEPIMA, na kwenda kwenye kituo cha afya ya akili si kukiri wazimu.

Kuna jambo dogo ambalo tungeweza kuanza nalo wiki hii. Tuna ishara ya hatari lakini hatuna ishara ya kwisha kwake. Masufuria yakilia saa saba, hakuna anayetuambia saa nane kwamba alikuwa mwizi wa mbuzi na ameshakimbia. Watu wanabaki wamekaa kitandani na viatu miguuni mpaka jogoo. Napendekeza kengele ya parokia, mapigo matatu ya polepole, ipigwe na mtu mmoja anayejulikana, baada ya doria kuzunguka na kuridhika. Mapigo hayo yangelaza watu wengi kuliko shamba zima la mchaichai.

Mzee mmoja wa avenue yetu ameshanipinga: adui naye atajifunza ishara hiyo, ataipiga yeye mwenyewe, halafu aingie. Basi aipige mlinzi wa parokia tu, mlango wa mnara ufungwe kwa kufuli, na asiyesikia kengele yenyewe aendelee kukaa macho. Nangoja hoja yake ya pili.