Nani amepanda darini?

Peleka korosho zako ghalani uone. Zitapimwa unyevu, sampuli itachotwa, zitapasuliwa kuangaliwa kiini, na zikikutwa na kasoro zitashushwa daraja huku unaangalia. Mkulima wa Mbekenyera, hapa Ruangwa, atanung'unika, lakini anaelewa: hakuna mnunuzi mwenye akili anayelipia ganda. Basi mkulima huyohuyo akishapata malipo yake kutoka chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, anakwenda kununua nyumba ya mamilioni, na nyumba hiyo hakuna aliyeipasua hata mara moja.

Siku ya kuuziana watu hujaa. Dalali yupo, mwenyekiti wa kitongoji yupo, mtendaji yupo na mhuri wake, mashahidi wa pande zote mbili wapo, na shemeji wa muuzaji ambaye hakuna anayejua kazi yake pale. Wataulizana mipaka, warithi, na kama mama mwenye nyumba ameridhia. Vizuri sana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Mahakama ya Rufani ilikwishasema mwaka 1985, katika kesi ya Nyagaswa na Nyirabu, kwamba ardhi ya kijiji ikiuzwa bila idhini ya halmashauri ya kijiji, mauzo hayo ni batili. Karatasi imekaguliwa, watu wamekaguliwa. Nyumba je? Nani amepanda darini? Nani ameinama kuuangalia msingi?

Hakuna. Wamesimama uani wakaisifu rangi.

Rangi! Mjanja anayetaka kuuza nyumba mbovu ataanzia hapohapo: ndoo mbili za rangi, plasta mpya juu ya ufa, silingibodi nyeupe chini ya kenchi iliyooza. Na angalia majira yanavyomsaidia. Hela za ufuta zinaingia kiangazi. Za korosho zinaanza kuingia mvua ikiwa bado haijakolea. Watu wetu wananunua nyumba wakati ukuta mkavu, bati halivuji, na udongo wa mfinyanzi chini ya jamvi umesinyaa umetulia. Masika yakifika ule udongo unavimba, ukuta unanyanyuka upande mmoja, mlango unagoma kufunga. Hapo dalali hapokei simu.

Mkaguzi anayeijua kazi yake haangalii rangi. Anachukua bisibisi, anapanda darini, anachoma mbao ya kenchi pale inapokalia ukuta. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyoliwa na mchwa imebaki ngozi tu; bisibisi inazama mpaka kwenye mpini, unga unamwagika. Anashuka, anafuata ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha ukiteremka ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya tofali, maana ufa wa namna hiyo mara nyingi unaanzia kwenye msingi. Anabandika tope la saruji juu yake, anaandika tarehe. Akirudi baada ya wiki kadhaa akakuta limekatika, ukuta bado unatembea. Anatazama kama kuna lenta, bati ni geji gani, shimo la choo liko umbali gani na kisima. Kisha anaandika na kutia saini. Hiyo saini ndiyo dawa, kwa sababu kesho unaweza kumshika kwa maneno yake.

Nitaambiwa, "Fundi wangu kashaiona." Fundi yupi? Yule aliyeletwa na dalali, au yule anayesubiri tenda ya marekebisho? Fundi mzuri namheshimu, lakini anayekagua asiwe na maslahi kwenye mauzo wala kwenye matengenezo. Wamarekani walishaanzisha chama cha wakaguzi wa nyumba mwaka 1976, na huko mnunuzi kuagiza ukaguzi kabla ya kulipa ni jambo la kawaida. Sisi tunasubiri maafa. Jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20, ndipo Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu na mbunge wetu wa Ruangwa, akaagizwa kusimamia ukaguzi wa majengo ya Kariakoo. Nyumba ya vyumba vitatu Mbekenyera ikiangusha ukuta usiku, hakuna tume. Kuna turubai na majirani.

Nitaambiwa pia hela ya mhandisi haipo. Ya dalali ilipatikana wapi? Na ile asilimia inayodaiwa na ofisi za vijiji na mitaa sehemu nyingi za nchi hii kila nyumba inapouzwa, wanalipwa kwa kukagua nini? Mhuri?

Halmashauri ya Ruangwa ina wataalamu wa ujenzi. Itangaze ada moja, ibandike ukutani kila ofisi ya kijiji: ukaguzi wa nyumba inayouzwa, kiasi fulani, risiti ya serikali. Asiyetaka wa halmashauri atafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wanunuzi watatu wakichanga nauli, gharama inapungua. Na mtendaji aongeze mistari miwili tu kwenye karatasi ya mauzo, juu ya sehemu ya mashahidi: nyumba hii imekaguliwa na nani, na alipanda darini au hakupanda. Pakiachwa wazi, mhuri urudi kwenye droo.