Mota kwenye baiskeli ya kukunja: pima njia kwanza

Kila likizo inapokaribia, vijana huanza kupanga matembezi, na siku hizi wengi wanataka kujua kama baiskeli ya kukunja inaweza kutiwa mota ya umeme ikafaa kwa safari. Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Juma hili tuyaangalie masharti hayo tukichukua mfano wa Kililana, upande wa bara wa Lamu, palipojengwa bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Kwa nini Kililana? Kwa sababu huko barabara na bahari hukutana. Mgeni anayekuja kwa basi kutoka Nairobi au Mombasa hushukia Mokowe. Akitaka kwenda Lamu mjini, hana budi kupanda boti. Baiskeli ya kawaida ndani ya boti iliyojaa abiria ni mzigo wa kugombaniwa, lakini ya kukunja hukaa miguuni mwa mwenyewe kama sanduku. Akifika katika vichochoro vya mji mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, ashuke aisukume taratibu, maana humo wenye njia ni watu waendao kwa miguu na punda.

Ufundi wenyewe si mpya. Mmarekani Ogden Bolton alipata hati ya uvumbuzi wa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma tarehe 31 Desemba 1895. Kilichobadilika mno tangu wakati huo ni betri, na betri ndiyo inayoamua utafika wapi.

Hebu tupige hesabu. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwa betri, nawe utapata wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Mtu anayesaidia mota kwa kukanyaga pedali, kwenye lami tambarare na kwa mwendo wa wastani, anaweza kukadiria wati-saa 10 kwa kila kilomita. Hizo ni kilomita 36. Tenga thuluthi moja iwe akiba, zibaki kilomita 24, yaani 12 za kwenda na 12 za kurudi. Ama barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu, ambayo ni kama kilomita 135, ingekula betri karibu nne za namna hiyo! Basi liachieni basi safari ndefu, nanyi mtembee kwa baiskeli kuanzia Mokowe.

Usisahau upepo. Kililana iko upande wa kaskazini-mashariki ya Mokowe. Wakati wa kusi upepo utakusukuma mgongoni ukienda, ujione hodari, kumbe deni litalipwa wakati wa kurudi. Msimu huo geuza baiskeli kabla betri haijafika nusu. Wakati wa kaskazi mambo huwa kinyume: taabu huja mwanzo, na kurudi huwa raha.

Sasa tuje kwa fundi. Mota ya wati 250 yatosha kabisa katika nchi tambarare kama hiyo. Mwambie muuzaji kipimo cha gurudumu lako, kwa maana la inchi 20 huzunguka mara nyingi kuliko la inchi 26 kwa mwendo uleule. Kama mota itakaa mbele, pima pia nafasi iliyo kati ya miguu ya uma. Baiskeli nyingi zina milimita 100, lakini za Brompton na baadhi ya Dahon zina 74 tu, na mota ya kawaida haitaingia. Uma wa chuma ni bora kuliko wa alumini. Lazima pia pawe na bamba linaloizuia ekseli isizunguke, kwani ikizunguka hukata nyaya na gurudumu laweza kuchomoka.

Nyaya zinazopita kwenye bawaba ziachiwe urefu wa kutosha, kisha baiskeli ikunjwe na kukunjuliwa mara kadhaa mbele ya fundi. Zikibanwa hapo, zitachubuka kidogo kidogo hadi zigusane. Breki nazo zikaguliwe upya, kwa sababu mota na betri huongeza kilo kadhaa. Baada ya kila safari ya pwani, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha upake grisi kwenye mnyororo na bawaba.

Kabla ya kupanda boti, chomoa betri uibebe mkononi ndani ya mfuko usiopenya maji. Isiwekwe chini ambako maji ya chumvi hukusanyika. Ikitumbukia baharini, usithubutu kuichaji tena. Na wale watakaosafiri kwa ndege hadi Manda wajue kwamba betri ya zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi katika ndege za abiria.

Wazazi, hapa nawasihi mnisikilize. Rahisi huvunja upishi, na betri ya rahisi iliyoungwaungwa yaweza kuchoma nyumba. Katika jiji la New York peke yake, mwaka 2023, watu 18 walifariki katika mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu. Nunueni betri yenye sakiti ya ulinzi, na mtumie chaja iliyotengenezewa betri hiyo hiyo. Isichajiwe chumbani watu wakiwa wamelala, wala karibu na mlango, ambao ndio njia ya kukimbilia. Ikivimba au kutoa harufu ngeni, itolewe nje isitumike tena. Kuijaza betri ya wati-saa 360 hakuli hata nusu ya uniti ya umeme, kwa hivyo anayetaka kubana matumizi asianze na betri.

Jambo la mwisho ni usalama wa njia. Barabara za Lamu bara zimewahi kushuhudia mashambulizi. Ulizeni hali kwa polisi na wenyeji kabla ya kuondoka, tembeeni mchana, na msiingie njia za msituni.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanya jaribio hili: endesha baiskeli yako bila mota kilomita 12. Ukiweza, hata umeme ukizimika mbali na Mokowe utarudi kwa miguu yako mwenyewe. Ukishindwa, punguza safari, usiongeze mota. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.