Siku za Kwanza Nyumbani Baada ya Kuondolewa Ziwa

Mwezi huu tumeona tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi hulisema kwa kunong'ona. Juu ya uvimbe, juu ya kujipapasa na kuwahi hospitali, mengi yamekwisha kusemwa, na yaendelee kusemwa. Lakini ni wachache wanaomweleza mama atafanya nini siku ile anaporudi nyumbani na bandeji kifuani, chupa ya plastiki imefungwa ubavuni, na watoto wanamkimbilia mlangoni wakitaka kubebwa.

Wodini kulikuwa na muuguzi wa kumwita usiku. Nyumbani kuna mume asiyejua amshike wapi, mama mkwe mwenye hofu, na ndoo ambazo hazijajazwa. Hospitali nyingi humruhusu mgonjwa baada ya siku chache tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya uuguzi huangukia mikononi mwa watu wa nyumbani ambao hawakufundishwa lolote.

Tuanze na hiyo chupa, maana ndiyo inayotisha wengi. Daktari anapoondoa ziwa, na hasa anapoondoa pia tezi za kwapani, mwili hutoa maji chini ya ngozi mahali palipobaki pana nafasi. Mpira mwembamba huwekwa ili maji hayo yatoke nje badala ya kujikusanya. Siku za mwanzo huwa mekundu kama damu iliyochanganywa na maji, baadaye hupauka, mwisho yanakuwa ya manjano hafifu. Hiyo ndiyo njia yake ya kawaida. Anayemwaga chupa anawe kwanza mikono kwa sabuni, apime maji kwa kikombe chenye alama za mililita, kisha aandike kiasi, tarehe na saa. Daftari la shule la mtoto linatosha kabisa. Daktari atalitaka daftari hilo, kwa sababu mara nyingi mpira hutolewa pale maji yanapopungua chini ya mililita 30 kwa saa 24, na kwa wengi hilo huchukua kama wiki moja au mbili. Ziko chupa nyingine ambazo hazifunguliwi nyumbani, hubadilishwa na muuguzi tu. Uliza yako ni ya namna gani kabla hujatoka wodini.

Chupa isiachwe ikivuta ngozi. Shona mfuko mdogo kwa kipande cha kanga, utie kamba, uufunge kiunoni ili chupa ikae chini ya usawa wa kidonda. Nguo ya kuvalia kichwani haifai siku hizi. Shati la mume lenye vifungo mbele ni zuri kuliko gauni lolote. Uingize kwanza mkono wa upande uliopasuliwa, na unapovua uutoe huo mwisho. Wakati wa kulala lala chali, mito miwili mgongoni na mmoja mdogo chini ya mkono. Kuoga ni kwa kitambaa na beseni, bila kulowanisha bandeji, mpaka daktari aruhusu maji.

Kuhusu maumivu tuna neno. Tumewaona akina mama waaminifu wanaokunja uso, wanauma midomo, na vidonge vipo mezani. Wanadhani kuvumilia ni sehemu ya imani. Sisi hatuoni hivyo. Mama mwenye maumivu havuti pumzi vizuri, hausogezi mkono, na bega lake hukaza. Meza dawa kwa saa ulizoandikiwa, usingoje mpaka uchungu umekushinda. Kama ni parasetamo ya miligramu 500, mtu mzima asipite vidonge 8 kwa saa 24, na aangalie kama dawa nyingine aliyopewa haina parasetamo hiyo hiyo ndani yake. Dawa kali zaidi za maumivu hufunga choo. Hapo papai, mboga za majani na maji ya kutosha vitasaidia, na kutembea kidogo uani.

Kuna mambo mawili ambayo humshtua mama kwa kuwa hakuambiwa. La kwanza ni ganzi ya kwapani na upande wa ndani wa mkono, wakati mwingine ikichanganyika na kuchoma kama sindano. Inatokana na mishipa midogo ya fahamu iliyoguswa au kukatwa wakati wa operesheni. Kwa wengine hupungua kwa miezi, kwa wengine hubaki. Kwa sababu ya ganzi hiyo, awe mwangalifu na pasi, sufuria ya moto na mvuke, maana anaweza kuungua asijue. La pili ni kusikia muwasho au maumivu katika ziwa ambalo halipo tena. Ubongo bado unalikumbuka. Mama akilisema hilo asiambiwe kwamba amechanganyikiwa, wala asikemewe pepo.

Mkono nao usifungwe kama wa aliyevunjika. Tangu siku ya kwanza baada ya operesheni, kwa kadiri daktari anavyoruhusu, mama aweza kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega, kunawa uso na kuchana nywele pole pole. Kuuinua mkono juu ya bega kungoje mpaka mpira umetolewa. Baada ya hapo zoezi la ukutani ni zuri sana. Simama ukitazama ukuta, tembeza vidole kwenda juu kama buibui, na pale utakapokomea weka alama ya mkaa. Kesho jaribu kuipita kidogo. Tunajua nyumba moja ambapo alama za mama zilikuwa kando ya zile za kupimia urefu wa watoto, na watoto ndio waliokuwa wakimhimiza.

Hapa tumkumbuke mama mmoja wa Marekani, Terese Lasser, ambaye alikatwa ziwa na kuona kwamba hakuna aliyemwambia jinsi ya kuishi baada ya hapo. Katika miaka ya 1950 alianza kuwatembelea wagonjwa wenzake hospitalini, akiwachukulia mpira wa kuminya, kamba ya mazoezi na ziwa la kuvaa kwa muda. Madaktari wengine hawakufurahia. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliuchukua mpango wake, na umeenea nchi nyingi. Tunamtaja kwa sababu alikuwa mama tu, hakuwa daktari. Katika kila usharika wetu yupo aliyekwisha kupita njia hii ambaye angeweza kufanya kama yeye.

Sasa kazi za nyumbani. Kwa wiki nne hadi sita, au kama daktari atakavyosema, mama huyu hana ndoo ya lita 20, hana kinu, hana jembe, hafui mashuka, hambebi mtoto mgongoni. Tunaongeza na kusonga ugali wa familia nzima, jambo ambalo daktari anaweza asilifikirie kwa kuwa hausongi yeye. Mtoto mdogo akae upande mzima, mto ukiwa katikati, maana watoto hurusha miguu. Mweleze kwa maneno mepesi kwamba mama ana kidonda, kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na kwamba hakuna alilofanya yeye kuuleta.

Na ninyi akina mama wa umoja wa wanawake, tunawaomba jambo. Mnapokwenda kumwona mgonjwa mnachukua sukari, sabuni na kanga, na ni vizuri. Lakini kaeni kwanza mpange zamu: nani atateka maji Jumatatu, nani atafua Jumatano, nani atawapeleka watoto shule, nani atamsindikiza kliniki. Mtu mmoja awe mwenye orodha. Eliya alipochoka kiasi cha kutaka kufa chini ya mti, malaika aliyetumwa kwake hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Someni katika 1 Wafalme 19. Mleteeni uji wa ulezi, maharage, mayai, dagaa, matunda, kile anachoweza kula. Ombeni kwa kifupi, mwondoke kabla hajachoka. Kumsimulia habari za fulani aliyeanza hivi hivi akafa si faraja. Wala mgeni asiombe kuonyeshwa kidonda.

Yupo na mgeni wa aina nyingine, na huyu tunamsema waziwazi. Huja na neno kwamba ameonyeshwa uponyaji, kwamba kurudi hospitali ni kutoamini. Wapo dada zetu waliosikiliza neno hilo, wakaacha dawa, wakarudi wakati daktari hana tena la kufanya isipokuwa kupunguza maumivu. Katika 2 Wafalme 20 Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona, na hata hivyo Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Mwenye kuja kuomba aombe, tena kwa bidii. Mwenye kuja kumtoa mama kwenye matibabu, mume amsindikize mpaka njiani.

Tumefika kwa mume. Akina mama wametuuliza zaidi ya mara moja: je, nimwonyeshe? Na lini? Hatuwezi kuweka siku. Wengine hutaka kuliona kovu peke yao kwanza, wengine huanza kwa kugusa tu juu ya nguo, wengine huomba muuguzi awe karibu. Yote ni sawa. Tunachoshauri ni kwamba lisifichwe miezi na miezi, kwa sababu kila siku inayopita hulifanya kuwa gumu zaidi. Mara nyingi kubadilisha bandeji huwa nafasi njema, kwani mume anakuwa na kazi ya mikono, na macho huzoea bila maneno mengi. Tunajua pia waume wanaohamia sebuleni usiku kwa kuogopa kumwumiza mke, naye mke kule chumbani analia akidhani amechukiwa. Baba, kama unahama kwa ajili ya kidonda, sema hivyo kwa mdomo, na rudi mapema. Mama, kama humtaki aguse upande ule kwa sasa, mwambie, lakini mpe mkono mwingine aushike.

Tendo la ndoa halikatazwi na ugonjwa wenyewe. Lingoje mpaka mama anajisikia na kidonda kinaruhusu. Lakini lipo jambo la kuuliza mapema: mimba haitakiwi wakati wa matibabu ya dawa za saratani au mionzi, na vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vyenye homoni havifai kwa mwenye saratani ya matiti. Aliyekuwa akitumia hivyo amweleze daktari. Kitanzi cha shaba kisicho na homoni na mipira ya kiume vinaweza kutumika.

Kuhusu Jumapili ya kwanza kanisani, wengi huona aibu ya gauni kulegea upande mmoja. Kitambaa laini kilichojazwa pamba safi, kikawekwa ndani ya sidiria isiyobana, kinatosha kwa wiki za mwanzo, mradi kidonda kimefunga. Kile kizito kinachofanana na uzito wa ziwa kije baadaye. Na asiyetaka kuweka chochote asilazimishwe na mtu.

Kuna mambo ambayo hayangojei siku ya kliniki. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kuwa chekundu na cha moto, usaha au harufu mbaya, damu nyekundu kujaa chupa kwa haraka, mpira kuchomoka au kuacha ghafla kutoa maji huku kifua kinavimba: haya yote ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla, ni ya kukimbilia hata usiku wa manane. Maji yakijikusanya chini ya ngozi baada ya mpira kutolewa ni jambo la kawaida, nayo daktari huweza kuyavuta kwa sindano. Asiyatoboe mtu nyumbani. Mkono kuvimba kunaweza kuja hata miaka baadaye, kwa hiyo mikwaruzo na michubuko ya shambani ioshwe na kutibiwa mapema.

Mwisho ni majibu ya maabara. Nyama iliyoondolewa hupelekwa kupimwa, na majibu yake ndiyo yanayoonyesha kama mama anahitaji dawa za mishipani, mionzi, au vidonge vya kuzuia homoni ambavyo humezwa kwa miaka. Kwa wengi operesheni ni mwanzo tu. Hapa ndipo wengine hupotea: kidonda kimefunga, nauli ni ngumu, mionzi iko mbali, kama Ocean Road kule Dar es Salaam au Bugando, Mwanza, nao wanaona wamepona. Fedha za kutoa shukrani kanisani zinaweza kungoja. Nauli ya kliniki itengwe kwanza. Mama aende na mtu mwenye kusikiliza vizuri, awe na maswali yake yameandikwa nyuma ya lile daftari la chupa, aombe nakala ya majibu, na aiweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya hospitali, mahali ambapo watoto hawafiki.