Yeye Aandikaye Ndani ya Simu

Siku hizi hata huku kwetu Mbulu na Hanang utasikia mtoto akisema, "Baba, nataka kusomea utungaji wa programu za kompyuta." Mzazi huuliza, "Hesabu unaziweza?" Swali jema. Lakini muulize pia kama anaweza kuandika barua ikaeleweka.

Sikia kwa nini. Hapa Tanzania tunatumiana fedha kwa simu tangu mwaka 2008. Tuseme mama wa Dongobesh ameuza vitunguu saumu, anamtumia binti yake karo huko Katesh. Katika kuandika namba anaruka tarakimu moja. Simu inamjibu: "Ombi batili." Basi, haisemi zaidi. Nyumbani mama huyu husema Kiiraqw; Kiswahili alikipata shuleni na kanisani, na kwake ombi ni sala. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hajui kama fedha zimekwenda au zimebaki. Anaogopa kurudia zisije zikatoka mara mbili. Mwishowe anampa simu mtu asiyemjua pale dukani, na namba ya siri anamtajia. Mlango wa wizi umefunguliwa na maneno mawili ya fundi ambaye pengine hesabu zake zote zilikuwa sahihi.

Angaliweza kuandika hivi: "Namba hii ina tarakimu 9 badala ya 10. Fedha zako hazijatoka. Itazame tena, kisha iandike upya."

Fundi atajitetea kwamba nafasi ni ndogo. Ni kweli, ujumbe mmoja mfupi wa simu huchukua alama 160 tu. Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985 huko Bonn, alipiga kwa taipu sentensi za kila namna akazihesabu, akaona karibu zote hazifiki hapo. Nawe hesabu ujumbe wetu: ni alama 95, pamoja na nafasi kati ya maneno.

Yako na maandishi ambayo mama hayaoni. Ndani ya programu fundi huwaachia wenzake maelezo, maana yeye huhama kazi na programu hubaki. Akiandika "nimerekebisha", hajamwambia mtu kitu. Aseme alibadili nini, na hasa kwa sababu gani, ili ajaye asibomoe ukuta unaoshikilia paa.

Mzazi, mtoto wako akirudi likizo, mwambie amwandikie bibi yake jinsi ya kutazama salio katika simu. Bibi asome mwenyewe, au asomewe neno kwa neno, na mtoto akae kimya. Pale bibi anapokwama, pafutwe, paandikwe upya.

Nasi tunaolalamika tujifunze. "Simu yenu mbovu" haimsaidii fundi. Mwambie ulibonyeza nini, saa ngapi, ulitazamia nini, na simu ilijibu maneno gani hasa. Namba ya siri usimtajie, hata akikuomba.