Kipindi cha Nyimbo na Mpira

Naandika kutoka huku Mzinga, penye maji yashukayo kutoka milima ya Uluguru na kwenda kuingia katika bwawa la Mindu. Nalikusudia mwezi huu kunena habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, walakini hayo yatangoja, maana nimepatwa na jambo linaloninyima usingizi, tena kosa ni langu mwenyewe.

Palikuwa na mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi ya upande huu. Jina lake silitaji, kwa kuwa jambo hili laweza kutukia katika shule yo yote. Tulizungumza habari za chakula cha mchana na paa la choo, kisha baba mmoja akasimama, mtu mwenye heshima na msemaji mzuri, akauliza kwa nini watoto wapotezewe vipindi vya Sanaa na Michezo hali wengi wao hawajui kugawanya. "Kuimba wanaimba nyumbani," alisema, "na mpira wanacheza njiani. Vipindi hivyo wapewe hesabu." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akataka wanaokubali wainue mikono, nami nikainua wangu.

Tulipotoka, dada yangu alinifuata njiani. Huku kwetu Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, wala mjomba si mgeni katika malezi ya watoto wa dada yake. Akishindwa mtoto, huulizwa mjomba. Akaniambia, "Kaka, leo umeiuza saa ya mwanao." Nikamwuliza, mwana yupi? Akasema, "Yule asiyeweza kulitaja jina lake mbele za watu." Kisha akashika njia ya kwake, asiniage.

Mtoto huyo ana kigugumizi. Zamani akiinuliwa kusoma darasani, neno la kwanza lilimkwama kooni, wenziwe wakacheka, naye akaketi. Hata mwishowe akawa hainuki tena, na walimu wakaacha kumwinua, wakidhani kwamba wanamhurumia. Mwalimu mmoja wa kike, ajuaye kuimbisha, ndiye aliyeona kwamba mtoto yule akiimba hakwami. Huo si mwujiza. Wenye kazi ya kuwasaidia watu wa kigugumizi walijua tangu zamani kuwa wengi wao huimba bila shida, kwa sababu wimbo humpa mtu mapigo ya kufuata, na sauti huvutwa, na pumzi hupangwa kabla ya neno kutoka. Basi mwalimu akampa mistari ya kuimba, kisha ya kusema kwa mapigo, kisha ya kusoma. Kigugumizi hakikwisha, wala sitawadanganya. Lakini sasa mtoto huinuka, hupiga kidole juu ya paja lake polepole, na husoma mistari mitatu au minne. Hiyo ndiyo saa niliyoiuza kwa mkono wangu.

Nikaketi nikaipima hoja ya yule baba, maana si hoja ya mpumbavu. Ni kweli kwamba watoto wengi ni dhaifu katika hesabu. Tena mawazo yake si mapya katika nchi hii. Karibu na mwaka 2000 mashindano ya michezo ya shule, pamoja na yale ya shule za msingi tunayoyaita UMITASHUMTA, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa kuwa yalidhaniwa kula wakati wa masomo. Baadaye yakarudishwa. Katika mtaala wa mwaka 2005 palikuwa na masomo ya Haiba na Michezo na Stadi za Kazi, lakini hayakutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa darasa la saba, na kila mwalimu ajua linalotendeka kwa somo lisilo na mtihani: hukaa katika ratiba ukutani, na mkaguzi akija huonyeshwa ukuta. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 katika darasa la kwanza na la tatu umelipa somo hili jina lake na nafasi yake, Sanaa na Michezo, tena Kiingereza huanza tangu darasa la kwanza, na shule zenye walimu zaweza kuchagua Kifaransa, Kiarabu au Kichina. Basi mlango umefunguliwa, nasi wazazi ndio tunaotaka kuufunga kwa ndani.

Yule baba alisema, kuimba wanaimba nyumbani. Naam, wanaimba. Hata kuhesabu wanahesabu nyumbani, wanapotumwa dukani. Mbona hatusemi hesabu ifutwe? Kuimba kwa nyumbani ni jambo moja, na kufundishwa kuimba ni jambo lingine. Nitaeleza kwa mfano, maana wengi wetu tuliokaa katika kwaya tumezoea kuimba kwa kusikia tu, kama kasuku.

Huko Uingereza katika karne ya 19 mwalimu mwanamke aitwaye Sarah Glover alitunga njia ya kuandika sauti kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza: do, re, mi, fa, so, la, ti. Wazee wetu waliisoma njia hiyo katika shule za misheni, nayo hata leo imo katika vitabu vya kwaya. Kila sauti ina ishara yake ya mkono. Do ni ngumi iliyofumbwa. Mi ni kiganja kilicholala sawasawa kama meza. So ni kiganja kilichosimama, kikitazama kifua cha mwenye kuonyesha. La ni mkono unaoning'inia. Ti ni kidole kielekezacho juu, kwa kuwa sauti hiyo yataka kupanda mpaka do ya juu. Mwalimu husimama mbele ya darasa, hasemi neno, hubadili mkono tu, na watoto sitini huimba wanachokiona. Hapana kinanda, hapana gitaa, hapana umeme. Mwaka 1950, katika mji wa Kecskemét huko Hungaria, ilifunguliwa shule ya msingi ambayo watoto wake waliimba kila siku kwa njia kama hii, kwa kufuata mawazo ya mtunzi Zoltán Kodály, naye aliona kwamba chombo cha kwanza cha mtoto ni koo lake. Lakini njia hiyo yataka mwalimu ambaye sikio lake ni hakika. Asiyejua atawafundisha watoto do ya leo na do ya kesho zisizofanana.

Tena sisi watu wa Morogoro ndio wa kusema muziki ni upuuzi? Mji huu ulisikika Afrika Mashariki yote kwa magitaa ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na ya Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipiga mpaka mwaka 1973 alipotoka na kuunda Super Volcano. Akafa kwa ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979. Najua wako wasomaji watakaokunja uso nikitaja nyimbo za dansi katika gazeti hili. Nazitaja kwa sababu ya ufundi wake.

Sasa mpira. Mara nyingi nimeona mwalimu akitoa mpira dirishani, "Haya, chezeni," kisha akarudi chini ya mwembe kusahihisha madaftari. Simlaumu, maana ana madaftari mia na ishirini. Walakini itazameni saa ile ilivyo: wavulana kumi wenye nguvu huukamata mpira, wadogo husimama pembeni, na wasichana huketi wakisukana. Kati ya watoto sitini, kumi ndio waliocheza. Netiboli ikifundishwa na ajuaye ni mambo mengine. Wachezaji ni saba kila upande, kila mmoja ana jina lake na sehemu ya uwanja asiyoruhusiwa kuivuka. Aliyeudaka mpira hakimbii nao, tena hana ruhusa ya kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Basi mtoto hana budi kutazama wenziwe kabla mpira haujamfikia, na aliye mkubwa hawezi kuucheza peke yake hata akitaka. Hayo hayatoki kwa mpira uliotupwa dirishani.

Mwaka 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu wetu alishinda mbio ndefu za marathoni za dunia, akamtangulia wa pili kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia! Nawaomba walimu wa hesabu wanisamehe, lakini hapo naona hesabu ya desimali ambayo mtoto hataisahau.

Katika lugha neno langu ni fupi zaidi. Mtoto wa milimani huja shuleni na Kiluguru kinywani. Hukutana na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali. Na sasa katika mwaka uo huo hukutana na Kiingereza. Lugha tatu si mzigo kwa mtoto, kama kila moja ina mwalimu aijuaye. Kiswahili kina vokali tano. Kiingereza kina nyingi kuliko hizo, hata maneno mawili kama ship na sheep, merikebu na kondoo, mtoto wetu huyasikia kuwa neno moja. Ajuaye tofauti hiyo humfundisha mtoto kwa juma moja, kwa michezo na nyimbo. Asiyeijua hataifundisha hata kwa miaka sita, wala kiboko hakitamsaidia.

Mimi nami nina kovu langu. Nilipokuwa darasa la nne, katika shule isiyo ya huku, mwalimu alichora chungu ubaoni kwa rula, pande mbili sawasawa, akatuambia tuchore. Mimi nikachora chungu cha bibi yangu, kilichoinama kidogo upande mmoja na chenye alama za vidole vyake shingoni. Nikapewa sifuri, nikaambiwa sina macho. Tangu siku hiyo sikuchora tena. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa afundishe kuchora kama alivyoambiwa afundishe jiografia na kilimo, wala hakufundishwa yeye.

Basi walimu wajuao watoke wapi? Nchi ina vyuo vyake. Butimba, Mwanza, ni chuo cha ualimu kilichojulikana kwa kufundisha sanaa na michezo. Malya kina chuo cha michezo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 huitwa TaSUBa. Lakini kumngoja mtu wa Butimba afike Mzinga ni sawa na kungoja mto upande mlima. Shule zetu zaweza kuanza na walio nao. Katika walimu kumi, mmoja hakosi kujua kuimba, mmoja alicheza netiboli chuoni, mmoja Kiingereza chake ni safi. Kwa nini kila mmoja afundishe kila kitu kwa darasa lake? Mwimbaji na aimbishe madarasa yote manne ya juu, na mwenye hesabu achukue hesabu za darasa la mwimbaji. Kwa njia hiyo hata yule baba atapata haja yake, kwa maana watoto watafundishwa hesabu na aipendaye. Gharama yake ni karatasi moja ya ratiba na ugomvi kidogo katika chumba cha walimu.

Tena wako wazee. Mpigaji ngoma ajuaye kutofautisha mapigo ya furaha na ya msiba, mama afinyangaye vyungu, hao hawana cheti, lakini mwalimu akiwa amesimama karibu, saa moja kwa juma yawatosha kufundisha yaliyo mengi. Najua baadhi ya wazazi wataogopa ngoma. Mwalimu na achague zipi zifae watoto. Kazi ya kuchagua ndiyo kazi yake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa dada yangu. Alinipa kiti, hakunipa neno. Mtoto alikuwa uani akichambua mboga, akiimba peke yake kwa sauti ndogo, na mkono wake wa kushoto ukafanya ngumi, kisha kiganja kilicholala, kisha kiganja kilichosimama. Nikamwambia mama yake kwamba mkutano mwingine utakuwa mwisho wa mwezi huu, nami nimekwisha kumwandikia mwenyekiti kuomba jambo lile lirudishwe mezani, na kwamba nitasimama niseme mbele ya watu wote kuwa niliinua mkono kwa makosa.

"Utasema nini zaidi?" aliniuliza.

Nikamweleza habari za ratiba, na za walimu kubadilishana madarasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakuja naye mkutanoni, na mtoto pia, na kama mtoto atataka kusoma, tumngoje hata amalize.