Siti ya Juu ya Tairi
Ijumaa jioni pale stendi ya Msamvu, Morogoro, wanafunzi wa vyuo utawatambua kwa jambo moja: basi la kwanza hawalipandi. Wiki hii nilimtazama binti mmoja, begi mgongoni, mkungu wa ndizi miguuni, akiwaacha wapiga debe wapayuke mpaka lilipoingia basi la kutoka Mbeya, siti za nyuma zikiwa tupu. Konda akataja bei, binti akacheka, konda naye akacheka, wakaelewana. Mwenye haraka hulipia haraka yake. Mwenye subira hukaa juu ya tairi. Treni ya umeme ipo tangu 2024, sawa, na inafika Dar mapema kuliko basi lolote, ila kituo chake kiko nje ya mji, upande wa Kihonda, na ukishamlipa bodaboda kutoka chuoni, boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, imeshaanza kulia. Kinachonikera ni kwamba mtoto wa sekondari, kwa sare yake, hulipa nauli ndogo kwenye daladala, lakini akifika chuo kikuu, hana mshahara wala sare, konda humwambia yeye ni mtu mzima. Huruma yetu tumeishonea kwenye shati jeupe. Na boom ikichelewa, huyo mtu mzima hasafiri kabisa. Pasaka anailia hosteli, kwa maharage.