Saa ya mapumziko tuimalizie chini ya mti

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Nimekikariri kifungu hiki kwa sababu mimi ni mhasibu, nasimamia wahasibu wenzangu katika ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam, na naona jinsi dakika hizo zinavyopotea. Mama lishe anapandisha wali maharage hadi ghorofani. Unaliwa juu ya mafaili, jicho kwenye kompyuta, simu imebanwa begani. Mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinavuma, na anayetoka nje anaonekana hana kazi.

Tabia hii inatuumiza, na inaiumiza hata kazi yenyewe tunayodai kuipenda.

Chukua siku za kufunga hesabu za mwezi. Kijana mmoja ofisini kwetu, mtulivu na makini, alikuwa akilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, hesabu zikakataa. Tofauti ilikuwa shilingi 90,000. Asubuhi nzima alipanda na kushuka safu zilezile. Kila mhasibu anajua kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, yafaa kushuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Naye analijua hilo, nilimfundisha mwenyewe. Lakini jicho lililochoka husoma kile linachotarajia kukiona.

"Mwanangu, acha hiyo kazi, nenda bustanini," nikamwambia.

"Nimalizie kidogo tu, Mama."

"Nenda kwanza. Haikimbii."

Alirudi saa nane, akakaa, na chai yake ilikuwa bado ya moto alipoliona kosa: 540,000 imeingizwa kama 450,000. Hakusaidiwa na mtu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilipima jambo la namna hii na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliwatembeza watu kwa karibu saa nzima, mara kwenye bustani ya miti, mara kwenye barabara za mjini. Kisha waliwasomea tarakimu na kuwataka wazitaje kinyumenyume, ya mwisho ikitangulia. Waliotoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi, ila waliotoka barabarani hawakupata nafuu hiyo. Mimi kilichonigusa zaidi ni kwamba hata waliotembea kwenye baridi kali ya Januari, ambao matembezi hayakuwafurahisha, walinufaika vilevile. Maelezo ya watafiti hao yananiingia akilini. Barabara inakudai uangalifu uleule unaoutumia mezani: kwepa pikipiki, sikiliza honi, angalia taa. Mti haukudai chochote. Macho yanatangatanga kwenye majani, na ile nguvu ya kujilazimisha kukaza fikra inapata nafasi ya kurudi. Kushika tarakimu kichwani ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya sisi wahasibu, kwa hiyo habari hii inatuhusu moja kwa moja.

Dirisha nalo lina mchango wake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala mbele ya dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazamana na ukuta wa matofali. Kwetu tumegeuza meza za wanaoingiza takwimu zielekee upande wa mwarobaini ulioko uani, na mapazia yanabaki juu.

Sasa tupige hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000 wa Uingereza, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha. Hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa hali hiyo, kwani huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Hata hivyo, gawanya 120 kwa siku tano za kazi, unapata dakika 24. Hazifiki hata nusu ya muda ambao sheria imekwisha kutupa.

Waajiri wengi hudhani deni hili la mapumziko linalipwa na safari ya mara moja kwa mwaka: basi, fulana za rangi moja, spika kubwa, Bagamoyo, jioni kurudi. Siikatai, watu hucheka na kufahamiana. Lakini akili ya mhasibu inachoka kila siku, sasa inawezaje kusubiri Desemba?

Najua jua la Dar. Ndiyo maana nadai kivuli, tena kivuli cha karibu. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, iwe mahali pa kujaribia mazao na miti. Leo kimebaki kipande tu, nacho ni hazina kwa sisi tunaofanya kazi mjini. Upanga na Kariakoo nyumba zenye mwembe uani zinapisha maghorofa, na kila mchoro mpya ukiletwa watu huuliza magari yatakaa wapi. Waulize pia watu watakaa wapi. Benchi chini ya mti halina gharama ya kuitikisa bajeti ya jiji. Na mlinzi wa getini, anayeshinda nje kutwa, apewe kivuli kabla yetu sote, maana yeye hewa anayo lakini jua linamchoma.

Kwa wakuu wa ofisi wenzangu ombi ni dogo zaidi: ondoeni vikao vya saa saba na nusu mchana, halafu tokeni nyie wa kwanza, vijana wawaone. Kwetu kikao hicho kimehamia saa tisa. Simu za mapokezi zinapokelewa kwa zamu, na mteja akipiga muda huo anaambiwa mhasibu wake yuko mapumzikoni, atampigia saa nane. Wateja wameshazoea.